Kaari Aliyefunga Mageti

Watu wa Runyenjes wakikuambia kwamba Kaari wa Njoka alizaliwa akijua kompyuta, wanatia chumvi. Mimi Nelius ni binamu yake, tumelelewa boma moja kule Manyatta, na ninajua alizaliwa akijua kulia tu kama sisi wengine. Kilichomtofautisha ni ubishi. Ukimwambia jambo haliwezekani, hakujibu. Alikuwa anakaza taya, anaenda zake, na baada ya siku kadhaa anakuletea jambo lenyewe limewezekana, analitua mbele yako bila neno. Tukiwa watoto tabia hiyo iliniudhi mpaka nikamwuma mkono, na alama bado anayo.

Mzee Njoka alitaka bintiye awe mwalimu. Kaari alikosa nafasi ya chuo, akaenda kupiga taipu Embu mjini, katika ofisi ya ghorofani juu ya duka la mbolea. Ofisi ikaleta kompyuta. Wenzake wakaiogopa, kwa sababu waliambiwa ukibonyeza vibaya inaungua. Kaari akabonyeza vibaya makusudi, akaona haikuungua, akaanza kujifunza. Miaka michache baadaye alikuwa anafundisha kompyuta katika chuo kidogo cha mjini, na saa za mapumziko anasoma kitabu kinene kilichong'oka jalada. Kilikuwa kitabu cha kutengeneza kurasa za mtandao, pamoja na zile amri zinazoandikwa ndani ya ukurasa, zinazoitwa JavaScript. Mtandao wenyewe hakuwa ameuona kwa macho yake, maana simu ya chuo ilikuwa imekatwa. Jambo hilo halikumsumbua hata kidogo.

Mimi wakati huo, mwaka wa tisini na nane, nilikuwa muuguzi katika dispensari ndogo ya kanisa hapa Runyenjes. Shida yangu ilikuwa benchi. Wagonjwa walikaa kwenye benchi refu ukumbini wakisogea mmoja mmoja hadi mlangoni kwangu, na huo mlango ulikuwa pazia. Mgonjwa akinieleza kinachomsumbua, benchi zima linatega sikio. Basi watu wakawa wananidanganya. Mwanamume mzima anapanda mlima kwa miguu kuja kuniambia kichwa kinamwuma, nampa dawa ya kichwa, anarudi nyumbani na ugonjwa wake wa kweli vilevile alivyokuja. Nilikuwa nakasirika mpaka nasahau kwamba mimi ni muuguzi, sista kama wanavyoniita.

Nikamlilia Kaari. Akakaza taya. Kulikuwa na kompyuta kuukuu ambayo wafadhili fulani walituachia, tulikuwa tumeifunika kitambaa na juu yake tumeweka chombo cha maua. Kaari akaiondolea maua, akaiweka kwenye kona ya ukumbi, skrini ikiangalia ukuta ili benchi lisione. Ndani yake akatia kurasa alizoziandika mwenyewe kwa Kiswahili cha kawaida. Unaumwa wapi? Unabonyeza neno "Kifua". Unakohoa tangu lini? Unabonyeza. Unatoka jasho usiku? Hivyo hivyo, swali kwa swali, mpaka unafika kwenye ukurasa unaokuambia huenda ni ugonjwa gani, unatibiwaje, na umwombe sista nini. Hakuna anayesikia. Mashine haina mdomo.

Watu waliipenda. Hata walioogopa kipanya walikishika kwa vidole viwili kama wanashika kifaranga, wakajifunza. Wakaanza kuja kwangu wakijua la kuomba, na mimi nikaanza kulala vizuri.

Halafu ikaja siku ya Felicitas.

Felicitas, ambaye wengi tunamwita Mama Munene, alikuwa anauza uji wa wimbi sokoni. Uji mzuri kuliko wote, mzito, uliochachuka kiasi. Alikuwa na kikohozi kisichoisha. Mimi nilikuwa nakisikia kila nikipita sokoni, na kila nikimuuliza ananiambia ni moshi wa kuni. Siku hiyo alikuja mwenyewe, akakaa kwenye mashine muda mrefu, akainuka, akatoka bila kuja kwangu. Sikumfuata. Nilijua mtu kama huyo anahitaji kupumua kwanza, na nilikuwa na hakika atarudi kesho yake.

Aliyemfuata kwenye kiti alikuwa Joyline, muuza nyanya, ambaye mdomo wake hauna breki. Joyline alikuja na jino. Lakini juu ya skrini aliona mshale wa kwenda mbele umewaka, akaubonyeza kwa sababu ulikuwa umewaka. Ukurasa ukamwambia "Kifua". Akabonyeza tena. "Nakohoa kwa zaidi ya wiki tatu." Tena. "Ninatema damu." Tena, na mashine ikamfungulia ukurasa wa TB, ule ambao Felicitas alikuwa ametoka kuusoma. Kabla jua halijatua soko zima lilikuwa na habari. Kesho yake Felicitas alipika uji, akapanga vikombe, na hakuna mtu hata mmoja aliyesimama mbele yake. Aliumwaga wote mtaroni mwenyewe. Hakurudi sokoni, wala hakuja dispensari.

Mimi nilikuwa tayari kuichukua ile mashine na kuitupa shimoni. Nilimwambia Kaari hivyo, tena kwa sauti. Yule mama ana ugonjwa unaotibika kabisa, nikamwambia, dawa ninazo pale kabatini bila malipo, na sasa atakufa nyumbani kwa aibu kwa sababu ya mishale yako. Kaari hakubishana. Macho yake yalijaa machozi, akayapangusa kwa mkono wa sweta, akaniuliza swali moja tu.

"Kwa nini ule mshale wa mbele ulikuwa umewaka?"

Tukakaa kwenye benchi kama wagonjwa, tukaangalia watu wakitumia mashine. Ndipo tukaona. Sisi watu wa huku tunaishi kwenye miteremko. Njia ya kwenda mtoni inapita katikati ya mashamba ya watu, na kila shamba lina kigeti chake cha miti. Ukienda unafungua, ukirudi unafunga, kimoja kimoja, mpaka ulikotoka. Anayeacha geti wazi na mbuzi wakaingia kwenye mahindi ya jirani, jina lake limekwisha. Basi wagonjwa wetu, kwa adabu hiyohiyo, wakimaliza kusoma walikuwa wanabonyeza mshale wa kurudi nyuma, ukurasa mmoja baada ya mwingine, mpaka ukurasa wa kwanza. Walikuwa wanafunga mageti. Hakuna aliyewafundisha. Na kila mmoja aliyerudi hivyo kwa heshima zake alikuwa anaacha mshale wa mbele umewaka, na njia nzima aliyoipita iko wazi kwa anayekuja.

"Wananiachia mashine safi," Kaari akasema. "Na ndiyo inawaumbua."

Kwanza alibandika karatasi: USIBONYEZE MISHALE. Walioisoma waliitikia kwa kichwa, wakaendelea kubonyeza mishale, kwa sababu karatasi ni karatasi na adabu ni adabu. Halafu akaandika amri ya kufungua kurasa katika dirisha lisilo na mishale kabisa. Mzee Gichovi, aliyekuja na habari za mgongo, akamaliza kusoma, akatafuta pa kurudia, akakosa. Alikaa pale akitokwa jasho. Kuinuka na kuacha mageti wazi alishindwa. Mwishowe aliinama akang'oa waya kwenye soketi, akaniita, "Sista, nimefunga," akaenda zake akiwa ameridhika. Mashine iligoma kuwaka hadi siku iliyofuata.

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kaari hakucheka. Alichukua kile kitabu, akaketi kwenye benchi saa ya chakula, akasoma kwa sauti ili nami nisikie. Kivinjari, yaani ile programu inayoonyesha kurasa, kila ukurasa unaoufungua kinautia kwenye mstari na kuukumbuka. Amri za JavaScript zinaweza kukusogeza nyuma au mbele katika mstari huo. Kuufuta mstari haziwezi, hazina ruhusa.

"Basi imeshindikana," nikasema.

Laiti ningejua. Nilipotamka neno hilo tu, nikaona taya limekazwa.

Saa nane wagonjwa wakarudi, benchi likajaa. Kaari alisimama kwenye kona akilitazama. Mgonjwa wa mbele akainuka kuja kwangu, na pale pale mwingine akakalia nafasi yake. Akainuka huyo, akakalia mwingine. Kaari akaniita kwa mkono nikiwa katikati ya kumfunga mtoto bendeji.

"Nani alikuwa amekaa hapo mwanzoni?" akauliza, akionyesha ncha ya benchi.

"Sijui. Watu wameketi hapo tangu asubuhi."

"Hata mimi sijui. Hakuna anayejua. Kiti ni kimoja."

Akarudi kwenye kitabu, akafunua kwa pupa, akaweka kidole. Iko amri inayoitwa location.replace. Ukiitumia, ukurasa mpya hausimami nyuma ya ule wa kwanza kwenye mstari. Unakalia kiti chake. Ule wa kwanza umeondoka, hakuna pa kurudia. Huhitaji ruhusa ya kufuta mstari kama mstari haukupata kuwapo. Niseme ukweli, mimi sikuelewa mara ya kwanza, lakini nilimwona uso wake na nikajua tumepona.

Aliandika upya kila ukurasa. Kila neno la kubonyeza sasa lilipitia amri ile, ukurasa unakalia kiti cha mwenzake, na ile mishale miwili juu ikabaki imefifia, haifanyi kitu. Kumbukumbu ya siku zilizopita, ambayo kivinjari huiweka kando, akaizima kwenye mipangilio. Kwa ajili ya kina mzee Gichovi, chini ya kila ukurasa akaweka kitufe kilichoandikwa "Funga mageti". Ukikibonyeza unaona picha ya kigeti cha miti, aliyoichora mwenyewe, kikifungwa. Kinafuata cha pili, cha tatu na cha nne, halafu uko kwenye ukurasa wa kwanza. Mageti yalikuwa manne kwa kila mtu, awe amesoma kurasa tatu au kumi, ili hata idadi yake isimseme mtu.

"Umemaliza," nikamwambia. Nilijivunia binamu yangu, nikamshika mabega yote mawili.

"Sijamaliza. Mama Munene bado yuko nyumbani."

Tulienda kwake Jumapili baada ya ibada. Boma lilikuwa kimya, jiko limezimwa, lile sufuria kubwa la uji limeinamishwa kifudifudi kando ya ukuta. Alikuwa amekonda. Alitukaribisha kwa sababu ni mtu wa watu, lakini hakututazama usoni.

"Kama mmekuja kuniambia pole, pole nimeambiwa," akasema. "Na sikohoi. Ni moshi."

Jiko halikuwa na moto. Nilifungua mdomo kumwambia hivyo, Kaari akanikanyaga mguu.

"Sikuja na pole," Kaari akamwambia. "Nimekuja kukuomba kazi. Kuna mtu atasoma kitu kwenye ile mashine, halafu wewe uingie umtafute alipopita. Bonyeza kila kitu. Ukimpata, mashine hiyo naibeba leo naenda nayo Embu, hamtaiona tena."

Felicitas aliinua uso, akatutazama kwa mara ya kwanza. Kisha nikaona kitu kikiwaka machoni pake, na kilikuwa hasira, na nilifurahi kukiona.

"Nikimpata siwaachii muibebe," akasema. "Nitaivunja mwenyewe."

Akavaa kitambaa cha kichwa, akatangulia mbele yetu njia nzima, na vigeti vyote alivifunga kwa kishindo.

Dispensari ilikuwa imefungwa, hakukuwa na mtu. Kaari akaingia peke yake, akasoma alichosoma, akafunga mageti, akatoka. Felicitas akaketi. Mimi nilisimama nyuma yake na roho mkononi. Alibonyeza mshale wa nyuma, haukwenda. Akabonyeza wa mbele, wapi. Akaubonyeza tena na tena kama mtu anayegonga mlango wa mwenye deni lake. Kisha akaanza kufungua kurasa moja moja, polepole, akizikagua kama anachagua wimbi la kusaga. Alipofika kwenye ukurasa wa tumbo akainama karibu na skrini.

"Maneno yote hapa ni ya bluu," akasema. "Hili moja ni zambarau."

Kaari akaja mbio akaangalia. Ni kweli. Kivinjari kilikuwa na desturi ya kugeuza rangi ya neno lililokwisha kubonyezwa, na hilo hakuna kati yetu aliyelikumbuka. Neno lenyewe lilikuwa "Minyoo".

"Kumbe, Mwalimu," Felicitas akasema, "una minyoo."

Nilitazamia Kaari alie. Alicheka. Felicitas naye akacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na kilikuwa kikohozi kibaya, akageuka ukutani na kujifunika mdomo kwa leso. Tulimngoja. Hakuna aliyetaja moshi.

"Mashine ni yako, Mama Munene," Kaari akamwambia. "Umeshinda. Ivunje ukitaka. Lakini ukinipa mpaka jioni, hiyo rangi naiua."

"Nakupa," akasema Felicitas.

Kaari akaketi akapitia kila ukurasa, akaandika kwamba neno lililobonyezwa na lisilobonyezwa yawe na bluu ileile. Tulikunywa chai, tukala mihogo niliyokuwa nimebeba. Alipomaliza tukatoka nje, yeye akasoma tena, akafunga mageti, akaita.

Felicitas aliitafuta ile njia kwa bidii ambayo sijaona polisi wakiwa nayo. Alibonyeza mishale. Alipitia rangi ya kila neno akiwa amesogea mpaka pua inakaribia kioo. Alibonyeza vitufe vya pembeni ambavyo hata Kaari alikuwa havitumii. Mwishowe akaacha kipanya, akaweka mikono mapajani.

"Ulisoma nini?"

"Sikuambii," Kaari akajibu.

"Niambie tu, mimi na wewe."

"Sikuambii, Mama Munene. Ni yangu."

Felicitas alimtazama sana.

"Tokeni nje," akasema. "Wote wawili. Na mrudishe mlango."

Tukatoka, tukakaa kwenye ngazi. Ndani hakukuwa na sauti ila ya kipanya, tik, kimya, tik. Nilisali, sioni haya kusema. Mlango ulipofunguliwa, Felicitas alisimama kizingitini, mgongo umenyooka.

"Sista," akaniambia, "kuna kakopo ka makohozi. Imeandikwa nikuombe. Nipe."

Nilikwenda kabatini nikilia, nikamletea.

Ilikuwa TB kama nilivyojua. Akaanza dawa wiki hiyohiyo, na hakukosa hata moja. Alikuja kuzimeza mbele yangu kama inavyotakiwa, akikemea vidonge kwa ukubwa wao. Baada ya muda akaongeza mwili, uso ukajaa. Ile mashine nayo ikarudi kazini. Joyline alikuwa wa kwanza kuikalia, akabonyeza mishale yote miwili kwa nguvu zake zote, akainuka amenuna na kusema imeharibika. Mzee Gichovi alikuja mara mbili bila ugonjwa wowote, ili tu aone mageti yakifungwa. Muuguzi mmoja akasafiri kutoka Laare akanakili kurasa zote kwenye disketi, akasema kwao pia wana benchi. Na mimi nikawa naambiwa ukweli na wagonjwa mpaka nikachoka kuusikia.

Dawa zilipokwisha na makohozi yakapimwa, yakawa safi, Felicitas alirudi sokoni siku ya soko kubwa. Mimi na Kaari tulikwenda kupanga foleni mapema. Hatukwenda ili kumjazia foleni, tulikuwa tunautamani ule uji. Lakini Joyline alitutangulia. Alisimama mbele ya sufuria, hajanyoosha mkono kuchukua kikombe, anaangalia huku na huku. Wauza ndizi wakaacha kupatana bei.

"Mama Munene," akasema, "siku hizi hukohoi."

"Sikohoi."

"Na unaenda sana kwa ile mashine. Sasa... ulikuwa na nini hasa?"

Mimi damu ilinipanda. Nilitaka kumrukia. Kaari akanishika mkono, pale pale ambapo kwake ipo ile alama ya meno yangu, akanizuia. Felicitas alijaza kikombe taratibu mpaka juu, akakifuta ukingo kwa kitambaa safi, akakinyoosha.

"Nilikuwa na TB," akasema, kwa sauti ambayo hata wa mwisho kwenye foleni aliisikia. "Nimetibiwa, nimepona. Mwanzo ulijisomea mwenyewe, Joyline. Leo nakuambia mimi. Shika kikombe, uji unapoa."

Soko lilimtazama Joyline. Joyline alikitazama kikombe, akakishika, akanywa. Alikunywa wote mpaka akafuta ukingo kwa kidole, akaomba kingine, na Kaari aliyekuwa nyuma yake akamwambia asogee pembeni akinywee huko, kwa sababu na sisi tuna njaa.